Cheti kipo, hakionekani: maradhi ya karatasi za nyumbani na tiba zake

Mashine yangu ya fotokopi iko Chake Chake, Pemba, na kila asubuhi kabla sijafungua mlango vizuri huwa kuna mtu ameshasimama nje na mkoba wa karatasi. Anataka kopi ya cheti. Tunaumwaga mkoba mezani tunapekua pamoja: inatoka risiti ya friji lililoharibika siku nyingi, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa yuko kidato cha nne, kadi ya mwaliko wa harusi, vipande vya tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, visivyohesabika. Cheti hakimo. "Lakini kilikuwemo humu humu," huniambia, na macho yanaanza kumwiva, maana ofisi anakokwenda inafungwa mchana na yeye katoka Kengeja kwa gari ya alfajiri.

Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuamini jambo moja. Karatasi hazituzidi kwa wingi. Nyumba zetu hazina karatasi nyingi kiasi hicho. Zinatuzidi kwa sababu tunaziweka kwa hofu tu, kila moja tunaitia mkobani "isije ikatakiwa", wala hatujiulizi itatakiwa na nani. Suala la kuuliza ni hilo: nani atakuja kunidai karatasi hii? Ukishalijibu, karatasi imepata pahala pake. Ukikosa jibu kabisa, basi hiyo ni takataka, hata kama ina muhuri.

Hapa chini nimezieleza dalili ninazoziona mezani kwangu, nilivyogundua sababu zake, na kinachofaa kufanywa. Nenda moja kwa moja kwenye iliyokupata.

"Kilikuwemo humu humu"

Dalili yake ni kuwa cheti hakionekani siku kinapotakiwa, kisha kinaonekana wiki mbili baadaye, kimejibana ndani ya daftari la hesabu la mtoto.

Sababu ya kwanza ni mkoba mmoja wa watu wote. Karatasi zilizo hai zimelala na zilizokufa, na kila ukipekua unazivuruga zaidi. Sababu ya pili ni ya kwetu khasa: mtoto analelewa na bibi yake Konde, mama yuko Unguja kikazi, na cheti cha kuzaliwa kiko kwa baba. Siku ya kuandikisha skuli bibi ndiye anayekwenda, naye hana hata kopi. Sababu ya tatu ni kuazimana. Kaka kachukua cheti kwenda kutolea kopi, kakiweka kwenye gari, hakukirudisha, na hakuna aliyeandika kuwa kakichukua.

Tiba yake inataka asubuhi moja. Tandika mkeka pahala pasipo upepo, mwaga kila kitu, halafu weka rundo moja kwa kila mtu wa nyumba. Usikae kusoma barua za zamani. Ukianza kusoma, adhuhuri itakukuta hapo hapo na mkeka umejaa. Tazama tu: hii ya nani? Kisha kila mtu apate bahasha yake kubwa ya kaki.

Wapo wanaopanga kwa aina, vyeti vyote huku, kadi za hospitali zote kule. Ofisini mpango huo unafaa. Nyumbani nimeuona ukishindwa mara nyingi, kwa sababu watu wa nyumbani wanaondoka. Huyu anaolewa Wete, yule anapata kazi Unguja, mwengine anakwenda Oman. Anayeondoka achukue bahasha yake aende nayo, asilazimike kupekua za wenzake na kuziacha shaghalabaghala. Ndani ya bahasha ya mtu kinakaa cheti chake cha kuzaliwa, kadi ya chanjo ikiwa ni mtoto, vyeti vya skuli, kopi ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na ya kile cha taifa, cheti cha ndoa au cha talaka, na karatasi za hospitali zinazoendelea kutumika. Juu ya bahasha andika jina kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, na namba iliyomo ndani ya cheti. Hiyo namba usiidharau. Nitairudia mwisho.

Bahasha moja iwe ya nyumba yenyewe: kiwanja, mita ya umeme, maji, risiti za ujenzi. Hii iwe na mtu mmoja aliyekabidhiwa, anayejulikana na wote.

Cheti cha mtoto kimfuate mtoto. Analala wapi? Basi cheti chake kilale huko, na mzazi aliye mbali abaki na kopi. Najua mama wengi hili linawapa unyonge, wanahisi kama wanatoa haki yao ya mwisho. Lakini anayeitwa skuli au kituo cha afya ghafla ni yule aliye na mtoto mkononi.

Na karatasi ikitoka, acha alama. Kipande cha karatasi ndani ya bahasha: "Cheti kachukua kaka, skuli, 12 Januari." Kikirudi, kipande kinachanwa. Hili dogo tu limewaondolea ugomvi jamaa ninaowajua.

Karatasi mpya zinazoingia kila siku zisikimbilie kwenye bahasha. Zitilie kikapu kidogo cha ukili kilichotundikwa karibu na mlango, juu kuliko mkono wa mtoto, na kila Ijumaa asubuhi kimwagwe. Kikapu kikijaa kabla ya Ijumaa, ujue kuna mtu anaingiza karatasi ambazo hakuna atakayezidai.

Jina la hapa na jina la kule si moja

Hili linaonekana kama si la usafi wa karatasi, lakini ndilo linalozaa kopi kuliko jengine lolote. Mtu anakuja na cheti kimeandikwa Khamis, kitambulisho Hamis. Mwanakhamis kwenye cheti ni neno moja, kwenye leseni ni mawili. Asya amekuwa Asha. Othman amekuwa Uthman. Majina matatu hapa, mawili pale. Kila ofisi inamrudisha alete kingine cha kuthibitisha, naye anarudi kwangu kutoa kopi tano tano za kila alichonacho, na mkoba unazidi kuvimba.

Sababu yake ni kwamba kila karani kaandika alivyosikia, na mwenyewe kasaini bila kusoma. Usisaini fomu kabla hujaweka kidole chini ya jina na kulifuata herufi moja moja. Ndiyo maana nikasema jina liandikwe juu ya bahasha: uende nayo, unakili hapo hapo, usitegemee kulitamka.

Likishakosewa, usilitibu kwa kopi. Itafute karatasi ya mwanzo kabisa, aghlabu cheti cha kuzaliwa, na uamue kuwa jina la hapo ndilo jina. Kisha mwone sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, akupe barua, na ukaulize kwenye ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, hao wanaotoa vyeti na vitambulisho vya Zanzibar, wakuelekeze kipi kirekebishwe na kama utahitaji kiapo cha mahakamani au kwa wakili. Ukikipata kiapo, kitie kwenye bahasha mbele ya kila kitu. Rekebisha moja baada ya moja mpaka zote ziseme jina moja. Wazee wa miaka 70 na kuendelea wanaopokea Pensheni Jamii, ile iliyoanza 2016, msiwaache na majina mawili. Mzee wa umri huo kusimama foleni mara tatu kwa ajili ya herufi moja ni mateso, na mjukuu mwenye nafasi anaweza kuyaondoa mapema.

Risiti imekuwa nyeupe

Mama mmoja aliniletea karatasi nyeupe tupu, ndefu kama utepe, akaniambia: "Mwanangu, nitolee kopi risiti hii." Nikaigeuza huku na huku. Hakukuwa na kitu. Alikuwa ameitunza kwa uangalifu mkubwa, ndani ya mfuko laini wa plastiki, juu ya friji, muda wa mwaka mzima. Mahala alipoiweka ndipo palipoiua.

Risiti nyingi tunazopewa madukani, benki na kwenye vituo vya malipo hazina wino kabisa. Karatasi yenyewe imepakwa dawa isiyo na rangi, na mashine inaichoma kidogo kidogo kwa joto mpaka maandishi yanajitokeza meusi. Ukitaka kujua kama yako ni ya aina hiyo, ikwaruze ukingoni kwa ukucha, haraka. Ikitoa mstari mweusi, ndiyo hiyo, maana msuguano wa ukucha pekee ni joto la kuitosha.

Sasa kilichoandikwa kwa joto kinaharibiwa na joto. Jua la dirishani, juu ya friji, juu ya televisheni, dashibodi ya gari, mfuko wa shati lenye jasho. Mafuta nayo yanaifuta: mkono uliotoka kukaanga, hata krimu. Na plastiki laini, ile tunayodhani inalinda, ina kemikali za kuilainisha ambazo zinaila dawa ya karatasi taratibu. Isitiwe humo. Itie kwenye bahasha ya karatasi ya kawaida, gizani.

Lakini hata ukiitunza, haitadumu kama cheti. Risiti ya kitu kikubwa, mfano kitanda chenye dhamana, ada ya skuli, malipo ya kiwanja, itolee kopi siku ile ile. Unga mweusi wa mashine ya fotokopi huyeyushiwa kwenye karatasi ukashika, haufifii kwa miaka. Bandika ile ya asili nyuma ya kopi kwa pini, usitumie gundi wala selotepu, maana nazo zinaifuta.

Angalizo dogo kuhusu kopi zenyewe: zile zilizochapwa na printa ya wino wa maji zinatiririka zikirowa. Lowesha ncha ya kidole uguse pembeni ya herufi. Wino ukitoka, hiyo isiwe kopi yako ya kutegemea.

Tukuza haiingii, na vipande vimejaa kila droo

Kipande cha tukuza kina tarakimu 20 na kazi moja. Ukishaziingiza na uniti zikasomeka, kazi imekwisha, namba hizo hazitaingia tena hata ukizibonyeza mara mia. Kwa hiyo vile vipande mia mbili ndani ya droo havina mtu atakayekuja kuvidai. Bakisha cha mwisho tu, kwa sababu ya namba ya mita iliyoandikwa humo. Mwenye mpangaji, au anayechangia umeme na ndugu wa upande wa pili, aweke vya miezi mitatu ya mwisho, visaidie kwenye hesabu.

Namba ikikataa, tazama kwa mpango huu. Hesabu tarakimu kwanza, nne nne, mara tano. Watu wengi huruka moja wakiwa gizani na tochi ya simu mdomoni. Zikiwa zimetimia, linganisha namba ya mita iliyo kwenye kipande au kwenye ujumbe wa simu na ile iliyo kwenye mita yenyewe. Umeme ulionunuliwa kwa namba ya mita ya jirani hautaingia kwako kabisa. Zikiwa zinalingana, uliza watoto kama hakuna aliyekwisha kuziingiza. Baada ya hapo ndipo uende ofisi ya ZECO, shirika la umeme, na uende na namba ya mita, ujumbe wa malipo na tarehe, vyote vitatu.

Njia ya kuliepuka tatizo lote ni kalamu nzito ya wino usiofutika. Andika namba ya mita ukutani pembeni ya mita, kubwa, na uiandike tena juu ya bahasha ya nyumba. Kisha uihifadhi kwenye simu kama vile ni mtu: "Mita Nyumbani". Mtoto akitumwa kununua umeme anaisoma humo.

Nimelipa, naambiwa nadaiwa

Bili ya maji ndiyo inayoleta hili zaidi, hasa kwenye nyumba ya urithi au ya kupanga. Kabla ya kuhamaki, tazama jina na namba ya akaunti. Nyumba nyingi bado zimeandikwa jina la marehemu au la mpangaji aliyehama, na ndugu wawili wanalipa akaunti mbili wakidhani ni moja. Jirani yangu mmoja alilipia maji ya nyumba ya zamani miezi kadhaa baada ya kuhama, kwa sababu namba iliyokuwa kwenye simu yake ilikuwa ile ile. Pesa zilikwenda sawasawa, isipokuwa kwa mtu mwengine.

La pili, pesa ya mkononi. Ukimpa kijana akulipie, na akarudi na neno la mdomo, hujalipa mpaka uone namba ya kumbukumbu ya malipo. Simshuku mtu. Mtandao huganda, kijana huagizwa mengine njiani, siku zikapita. Mwambie akutumie ujumbe wenyewe kama ulivyoingia, asikusimulie.

Ujumbe wa malipo kwenye simu ni risiti. Tatizo lake ni kwamba unazama chini ya mamia mengine, na simu ikiharibika umekwenda. Kwa bili za kila mwezi, fanya daftari dogo la mistari. Tarehe, kilicholipwa, kiasi, namba ya kumbukumbu. Mstari mmoja kwa malipo mamoja. Ukienda nalo kwenye ofisi ya ZAWA, mamlaka ya maji, au kwengineko, karani anaitafuta namba kwenye kompyuta na maneno yamekwisha. Daftari hilo la kurasa arobaini linachukua nafasi ya mkoba mzima wa risiti, na kwa maoni yangu hakuna chombo bora zaidi ya hicho katika mambo yote haya. Nyuma ya daftari andika madeni ya watu, unayodai na unayodaiwa. Dini yetu imetuamrisha kuandika deni, na wengi wetu tunaona haya kuandikiana na ndugu. Aibu kubwa zaidi ni kubishana baada ya mazishi.

Zimegandana, zina madoa, zimeliwa

Msimu wa masika ukimalizika, karatasi za namna hii huja kwangu kwa mfululizo. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na karatasi hunywa unyevu kama vazi la pamba. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda, ukungu unaota, na kutoka Machi hadi Mei visiwani kwetu unapita hapo kwa mbali. Ongeza tabia zetu: sanduku liko mvunguni mwa kitanda, limegusa sakafu na ukuta wa nje, na ndani yake karatasi zimefungwa kwa plastiki zikiwa hazijakauka. Plastiki inazuia maji yasiingie, ni kweli, lakini inazuia pia unyevu uliokwishaingia usitoke. Karatasi zinachemka humo humo.

Zikiwa zimerowa au zimegandana, usizibandue kwa nguvu. Herufi zitaondoka na karatasi ya juu. Zilaze kivulini penye upepo, si juani, kwa sababu jua linazikunja na kuzipausha. Tia kitambaa cheupe cha pamba au karatasi tupu chini yake, ubadilishe kila kikirowa. Nyingi hujiachia zenyewe zikikauka taratibu. Ukungu ufute ukiwa umekauka kabisa, nje ya nyumba, kwa brashi laini, na ufunge pua kwa kitambaa, maana vumbi lake linadhuru kifua. Ukiufuta mbichi unaupaka tu.

Kwa mchwa sababu ni moja: sanduku liko chini. Mchwa wanapanda kutoka ardhini kupitia ufa wa sakafu na hawachagui baina ya ubao na cheti cha ndoa. Sanduku lipande rafuni au juu ya kabati, liachane na ukuta kiasi cha viganja viwili. La bati au la plastiki ngumu lenye kifuniko ni zuri, ila litie karatasi zilizokauka. Mende hufuata gundi za bahasha na makombo, na wale vidudu wembamba wa rangi ya fedha hutafuna uso wa karatasi gizani palipo na unyevu. Majani makavu ya mwarobaini au chembe za karafuu husaidia kiasi, lakini zifunge kwenye kitambaa. Karafuu ina mafuta. Ikilala juu ya cheti inaacha doa la kahawia lisilotoka. Nimeona hati ya nyumba imechapwa madoa duara duara kwa mapenzi ya mtu aliyetaka kuilinda.

Kila mwaka, Januari au Februari, kaskazi ikiwa imekausha hewa, toa bahasha zote, zipunge upepo siku moja kivulini, uzirudishe. Mavazi ya sikukuu tunayafanyia hivyo.

Wengi huuliza kuhusu lamineshi. Kopi, ndiyo, ipigwe ukipenda. Cheti cha asili, mimi nakataa, hata mteja akiwa ameshatoa pesa. Ile plastiki haibanduki tena bila kuharibu, muhuri wa kukandamiza haupapasiki, na haiwezekani kuandikwa wala kupigwa muhuri mwengine nyuma yake.

Barua imefika, mimi sijaipata

Kwetu barua haiji mlangoni. Inakwenda kwenye sanduku la posta, na mara nyingi sanduku hilo ni la skuli uliyosomesha zamani, la ofisi uliyoacha, la msikiti au la ami yako. Nyengine inakuja kwa mkono, kwa sheha, kwa boti ya Mkoani, kwenye mkoba wa mtoto. Na siku hizi ofisi nyingi zinatuma ujumbe kwenye simu, kwenye laini uliyoipoteza miaka mingi nyuma.

Kaa uandike umetoa anwani na namba ya simu wapi: benki, mfuko wa hifadhi ya jamii, skuli, hospitali, umeme, maji. Nyumba nyingi hazifiki pahala kumi. Pitia zote ubadilishe. Kwa mkoba wa mtoto, ufungue wewe mwenyewe kila Alkhamisi jioni.

Naogopa kutupa

Rudi kwenye suala letu. Nani ataidai? Kadi ya mwaliko wa harusi iliyopita, hakuna. Kipande cha tukuza kilichoingizwa, hakuna. Dhamana ya redio iliyokwisha muda, hakuna. Risiti za maji na bili, mimi naweka za miaka miwili hata kama daftari lipo. Ada za skuli mpaka mtoto amalize na apate vyeti. Mikataba ya kupangisha, mpaka mtu ahame na mmalizane kwa maandishi. Vyeti, hati, hukumu za mahakama na karatasi za ardhi havitupwi, hata vikichakaa.

Lakini kutupa nako kuna adabu yake. Niliwahi kununua karanga barazani, nikafungua ile karatasi, ndani yake nikakuta kopi ya kitambulisho cha mtu: picha, jina, namba, sahihi. Muuzaji hakuwa na kosa, aliokota karatasi safi. Nilikaa nayo mkononi nikasikitika. Kopi yoyote yenye namba ya kitambulisho, sahihi au akaunti ya benki ichanwe vipande vidogo au ichomwe na majani ya uwanjani. Na kopi iliyoharibika kwenye mashine dukani, mwombe mwenye duka akupe. Ni yako.

Picha ninayo simuni, lakini iko wapi?

Kupiga picha vyeti ni jambo jema, na ubaya ni kuziacha zichanganyike na picha elfu za wasap. Tengeneza albamu moja uiite Vyeti, piga mchana kivulini bila flashi, karatasi ikiwa imelala bapa, pembe zote nne zionekane. Nakala moja iwe kwa mtu wa pili unayemwamini. Usizitume kwenye kundi la familia. Hujui simu ya nani itashikwa na nani kesho.

Mzee amefariki, hatujui karatasi ziko wapi

Hili huniletea watu wenye huzuni, nami naomba wenye wazee hai walisome kwa utulivu.

Wazee wetu walificha karatasi kwa sababu nzuri. Karatasi ya ardhi ilikuwa roho ya nyumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia zikagaiwa eka tatu tatu. Wengi waliopewa wakiwa watu wazima wameshatangulia mbele ya haki, na mashamba yanaliwa na wajukuu ambao hawajawahi kuiona hati. Kuna shamba ambalo ardhi inasimuliwa kuwa ya huyu na mikarafuu ya yule. Kuna rahani iliyokombolewa bila risiti. Aliyekuwa anayajua yote ni mzee mmoja, na alikuwa ameyaweka kichwani na katika kasha lenye ufunguo mmoja.

Usimwombe mzee karatasi. Ukimwomba karatasi anaona unamngojea afe. Mwombe akusimulie shamba. Nenda naye, akuoneshe mpaka unaishia kwenye mti gani, nani alikuwepo siku ya kugaiwa, nawe uandike. Masimulizi yakifika kwenye hati, mara nyingi ataitoa mwenyewe. Itolee kopi mbili, moja ikae na mtoto wa kike na moja na wa kiume, ya asili ibaki kwake alipoizoea, ila wawili wajue ni wapi.

Ukikuta karatasi za khati za Kiarabu, usizitupe kwa kuwa huzisomi. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa khati hizo muda mrefu, na humo mna wosia, wakfu na mikataba ya mauziano. Mpelekee maalim anayezisoma. Zikionekana ni za zamani na za thamani, Taasisi ya Nyaraka iliyoko Kilimani, Unguja, ina watu wanaojua kuzitunza.

Mauti yakishatokea, kitangulie cheti cha kifo, kisha mambo ya mirathi yapelekwe Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa karatasi zilizopangwa, si kwa mkoba uliofungwa kamba. Fungueni kasha mkiwa warithi wote pamoja, au wawakilishi wao, na muandike orodha ya kila kilichomo kabla hakijatoka kitu.

Imepotea kweli kweli

Umepekua bahasha zote, daftari za watoto, chini ya godoro, ndani ya msahafu, na kwa ndugu wote. Haipo. Nenda kituo cha polisi utoe taarifa ya kupotelewa, uchukue karatasi yake, kisha barua ya sheha, kisha ofisi iliyokitoa cheti. Hapo ndipo ile namba uliyoiandika juu ya bahasha inapofanya kazi. Aliye na namba na mwaka anatafutiwa kwenye ukurasa wake. Asiye nayo anatafutiwa kwa jina, katika vitabu vilivyojaa majina yanayofanana na lake. Nenda asubuhi, na kopi ikiwa ipo ichukue, hata ile yenye doa.